Amechoka na Nini

Jumanne, tarehe nne Machi, saa tatu asubuhi, daktari alimuuliza mke wangu, fundi cherehani aliyepatwa na ugonjwa wa kutetemeka, "Mama, mikono vipi?"

"Mikono ni ile ile. Ila mimi nimechoka, daktari."

Akaandika "uchovu", akampa vidonge vya kuongeza damu. Hata mimi niliyekaa pembeni nilidhani ni mwili tu.

Nyumbani aliifunika cherehani kwa shuka, akalala kageukia ukutani. Nikamtania, "Mama watoto, huo ukuta umekutongoza?" Zamani angenirudishia mara mbili. Siku hiyo akajifunika kanga hadi kichwani. Akaacha dawa, akaacha kula, na mwezi wa sita nikamzika.

Darasa la nne sikulimaliza, lakini fomu yao ya kumpima mgonjwa nimeisoma. Inauliza kutetemeka, kutembea, hata choo. Moyo hauulizwi. Basi kila Jumanne nampelekea mkuu wa hospitali fomu niliyoongeza mstari wa kuuliza kama moyo umekata tamaa, kwa kalamu yangu.

"Mzee, umekuja tena?"

"Na wiki ijayo nitakuja."

"Fomu zinatoka juu, mzee wangu."

"Basi nielekeze huko juu, nikawaulize. Mke wangu aliposema amechoka, kwa nini hakuna aliyemuuliza amechoka na nini?"