Filemon na Zamu ya Maji

Mwaka 1996, kule Kirua Vunjo, hakuna aliyezijua kasoro za serikali kuliko Filemon. Kila Jumapili baada ya misa, kata ya mbege, pombe ya ndizi, mkononi, alieleza: "Kahawa wamewaachia wanunuzi binafsi. Viwanda wanauza. Wamebaki na kazi gani? Kunikimbiza mimi kwa kodi ya kichwa!" Akishashusha pumzi aliuliza kwa nini serikali hiyohiyo haichongi barabara, na nani kaamua dawa za zahanati zilipiwe.

Yeye mwenyewe hakuwa amelipa kodi hiyo kwa miaka mitatu. Siku za soko mgambo walisimamisha wanaume njiani kwenda Kiboriloni kukagua stakabadhi, kwa hiyo ndizi aliuza mkewe, Justina. Filemon alibaki kihambani, kwenye migomba yake, kulinda nyumba, ambayo hakuna aliyeitaka.

Kisha akasikia kwamba wasiojiweza wanasamehewa. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na wiki hiyo alikuwa amepasua mgrivea mzima kuwa kuni. Akaazima fimbo, akashuka ofisini akichechemea.

"Shikamoo, mzee. Mguu gani?" aliuliza Ronald, mtendaji wa kijiji.

"Marahaba. Yote."

Ronald akaandika. Kwa utaratibu, orodha ya waliosamehewa ilibandikwa mlangoni majuma mawili, mwenye pingamizi ajitokeze. Hakujitokeza mtu. Filemon alidhani wanamheshimu.

Septemba, baragumu likalia kuwaita watu wa mfongo, mfereji waliouchimba mababu kuleta maji kutoka msituni. Husafishwa kwa majembe, na kila aliyechimba hupewa zamu ya maji. Ulezi wa Filemon ulikuwa umeanza kusinyaa, hivyo alifika wa kwanza, jembe begani.

"Rudi nyumbani, Baba Primus," alisema Gidioni, msimamizi wa mfongo. "Wewe hujiwezi."

"Nani kasema?"

"Wewe. Tumesoma mlangoni."

"Ile ni karatasi ya serikali! Mfongo ni wetu wenyewe!"

"Ndiyo maana huku hatusamehe mtu. Mzee Shedrack ana miaka themanini, kaleta mjukuu. Wanao wako wapi?"

"Dar es Salaam."

"Basi na zamu yako iko Dar es Salaam."

Siku nne Filemon alizunguka shambani akitazama majani yakijikunja.

"Kaa chini, mgonjwa," Justina alimwambia. "Miguu hiyo utaimaliza."

Siku ya tano alirudi kwa Ronald bila fimbo. "Nimepona."

"Tumshukuru Mungu. Kukufuta ni rahisi, mzee: kodi ya miaka mitatu, na faini juu yake."

Mbuzi wawili wakaenda. Filemon akapanda moja kwa moja hadi mfongoni, akamnyooshea Gidioni stakabadhi. Gidioni hakuipokea.

"Weka mfukoni, italowa. Jiwe lile ni lako. Na faini ya kuchelewa, pipa la mbege."

"Pipa zima?"

"Unataka mawili?"

"Moja linatosha," alisema Filemon, akavua shati.

Jumapili ya pili, ulezi ukiwa umeshakunywa, watu walilinywa pipa lake. Filemon alisimama katikati yao, kata mkononi.

"Mnaona? Sisi tunajitawala wenyewe, wala hatutozani!"

Justina, ambaye ndizi zake za sokoni ndizo zilizopikiwa mbege hiyo, aliuliza yeye stakabadhi yake ataichukua kwa nani.