Binti Tulikuwa Naye

Mwalimu Bartolomeo alitufundisha tamathali za semi za Kiingereza tukiwa kidato cha tatu pale Mpanda, na tangu siku hiyo nikawa mgonjwa. Kila aliyefungua mdomo nilimpachika jina. Mama akisema amechoka kufa, namwambia hiyo ni hyperbole, mama, mfu hasongi ugali. Katekista akisema marehemu amelala, mimi moyoni nasema euphemism, maana aliyelala huamshwa. Pale kwetu Kabungu watu walianza kunisalimia kwa kutikisa kichwa tu, wakiogopa nitayachambua maneno yao.

Mtu mmoja tu darasani alinizidi. Alikuwa Spès, binti wa Mzee Yohani wa makazi ya Katumba, kule walikohamia watu waliotoka Burundi. Siku mwalimu alipoomba mfano wa litotes, yaani kusifu kitu kwa kukanusha ubaya wake, nilisimama nikatoa sentensi ndefu ya Kiingereza ambayo hata mwenyewe sikujua inaishia wapi. Spès akasimama baada yangu.

"Baba yangu akila chakula kitamu," alisema, "anasema hiki hakijaoza."

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka.

"Nilipochaguliwa kuja sekondari alisema, huyu mtoto si jiwe. Mama akalia kwa furaha siku nzima."

Nadhani nilianza kumpenda hapo kwenye jiwe.

Kwetu hakukuwa na mambo hayo, au ndivyo nilivyoamini. Baba yangu, Mzee Makoye, alishuka na ng'ombe kutoka Usukumani kutafuta malisho, na maneno yake yalikuwa kama fimbo yake: imenyooka, ikikugusa unajua umeguswa. Mvua ikinyesha alisema mvua inanyesha. Uongo aliuchukia kuliko ndigana, ugonjwa wa kupe uliowahi kummalizia ndama zizini.

Tulipomaliza kidato cha nne, mwaka tisini na sita, mimi na Spès tukakubaliana. Akanikalisha chini kabla ya posa.

"Malale, nisikilize, na usicheke. Kwetu posa ni mchezo wa maneno. Msemaji wetu, Mzee Arcade, atawaambia mimi sipo. Nimeolewa, nimeingia utawa, nimeliwa na simba, itategemea ameamkaje siku hiyo. Nyie kazi yenu ni kubembeleza na kumjibu kwa maneno mazuri kuliko yake, mpaka akubali kwamba nipo."

"Hiyo ni irony."

"Sijamaliza. Wewe usifungue mdomo. Bwana harusi akisema kabla binti hajaitwa, posa imeharibika. Mtarudi mwakani, kama baba atakubali mrudi."

"Nikipaliwa?"

"Paliwa kimya kimya."

Nikampelekea baba habari hizo zizini.

"Watakataa kwanza, baba. Ni desturi yao."

"Wakikataa tunarudi."

"Hapana, wanakataa huku wamekubali."

Alinitazama kama anavyomtazama ndama anayeng'ang'ania kunyonya mkia.

"Nilikupeleka shule," akasema, "ukarudi hivi."

Nilimwomba tutafute mshenga mwenye ulimi laini. Akasema maneno ya mwanawe atayasema mwenyewe, yeye si bubu.

Jumamosi tukapanda baiskeli, baba, mimi na wazee wawili wa ukoo. Tulipita mjini, tukavuka reli, tukafika Katumba jua likiwa limekaza. Walitupokea vizuri. Katikati ya kivuli cha banda palikuwa na chungu cha pombe ya mtama, mirija imesimama ndani, lakini hakuna aliyeigusa. Inanywewa binti akishaitwa. Mimi nikakaa kwenye mkeka, mdomo nimeufunga kama duka la Jumapili.

Baba akasimama, akavua kofia. "Nimekuja kumwomba binti yenu Spès awe mke wa mwanangu huyu. Ng'ombe ninao. Nimemaliza."

Akakaa. Wenyeji wakatazamana. Nadhani hawakuwahi kusikia posa iliyokwisha haraka hivyo.

Mzee Arcade, mwembamba ndani ya koti lililowahi kuwa la mtu mnene, aliinuka taratibu akifurahia kila kiungo chake.

"Wageni wetu, mmechelewa. Binti huyo tulikuwa naye. Mwaka juzi alikwenda kuteka maji, akaonekana na mtu wa ng'ambo ya ziwa, akachukuliwa. Ana watoto kule. Tumebakiwa na bibi yake, naye meno yamekwisha. Mkimtaka, tuzungumze."

Wenyeji wakacheka, wakainama mbele kungoja jibu.

Baba hakucheka. Nikaona shingo yake inavimba.

"Mwezi uliopita," alisema, "nilimwona huyo binti kwa macho yangu sokoni Kashaulili. Alinipigia goti, akanisalimia. Leo mzee mwenye mvi ananidanganya usoni, na watu wanacheka." Akasimama, akavaa kofia. "Malale, inuka. Sitaki ukwe na waongo."

Kicheko kikakatika. Ndani ya nyumba, sauti ya sahani nayo ikakoma, nikajua Spès yuko nyuma ya pazia. Mzee Yohani aliangalia chini. Kwao, mwombaji akisimama kuondoka kabla ya kubembeleza, maana yake amemkataa binti. Kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa zimetukanwa, na hakuna aliyetukana.

Mimi ndiye niliyeyaona yote mawili. Nikinyamaza, baba anaondoka na posa inakufa. Nikisema, posa inakufa kwa desturi. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani niwe na jambo la kuchekesha la kusema, sikulipata. Kilichonijia akilini ni baba tu, siku ile mnadani akiuza ng'ombe.

"Baba," nikasema kwa Kisukuma. Nilisikia watu wakivuta pumzi. "Lile dume jeupe. Ulimwambia mnunuzi haliuzwi."

"Ndiyo."

"Ukasema ni dume la marehemu bibi, alikuachia wosia lisitoke zizini."

"Ndiyo. Hayo yanahusu nini?"

"Bibi yuko hai, baba. Asubuhi hii ndiye aliyekuchinjia kuku."

Baba akageuka kunitazama.

"Ulimdanganya yule mtu?"

"Kudanganya? Mnadani?" Alikasirika kweli. "Mtu anayeleta dume mnadani analiuza. Yeye anajua, mimi najua. Yale ni maneno ya kulipandisha hadhi dume lenyewe."

"Na angeondoka pale uliposema haliuzwi?"

"Angekuwa mjinga asiyejua kunun..."

Hakumaliza. Aliangalia chungu, mirija imesimama. Aliangalia nyumba nzima iliyofagiliwa, mkeka mpya, Mzee Yohani aliyevaa viatu vya ibada. Watu waliokusanyika hivyo kwa ajili ya binti asiyekuwepo.

Baba akavua kofia tena, akakaa. Sura yake ilikuwa ya mtu anayevuka mto asioujua kina.

"Mzee Arcade," akasema kwa Kiswahili. "Huyo mtu wa ng'ambo ya ziwa namfahamu. Nimeonana naye njiani. Anawasalimu. Anasema amemrudisha binti, kwa sababu uzuri wake ulikuwa unawazuia samaki kulala, na kijiji kizima hakikuvua kitu."

Halafu Mzee Arcade akapiga kofi paja lake, na banda zima likafuata. Lakini alipomaliza kucheka akaninyooshea kidole.

"Pamoja na hayo, kijana amesema. Sote tumemsikia."

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye mkeka.

"Kijana gani?" akauliza baba. Uso haukutikisika. "Huyu? Huyu ni bubu. Tangu nimzae hajatamka neno. Ni huzuni kubwa kwetu."

Mama angekuwepo angezimia kwa kicheko. Mzee Arcade akamgeukia Mzee Yohani, maana neno la mwisho lilikuwa lake. Mzee Yohani akanitazama, akalitazama pazia.

"Mimi nimesikia mbuzi," akasema. "Mwiteni binti."

Ubaoni Mwalimu Bartolomeo aliandika kwamba irony ni kusema kinyume cha unachomaanisha. Kwenye mtihani swali hilo nilipata alama zote. Hakuandika kwamba inahitaji mtu wa pili anayekubali kubaki amekaa. Mimi nilitembea na majina yale miaka yote nikiyabandika midomoni mwa watu, na mdomo wa baba niliokula nao sahani moja sikuwahi kuusikiliza.

Spès akatoka, akapiga goti, akanipa mrija. "Bubu, kunywa," akanong'ona.

Wakati wa kuaga, Mzee Yohani alishika mkono wa baba. "Mwanao si jiwe," akasema.

Tulisukuma baiskeli kwenye mchanga mpaka tukafika barabara ngumu.

"Amesema wewe si jiwe," baba akasema. "Ni tusi?"

"Hapana, baba."

Akapanda baiskeli yake. Alikanyaga kidogo, kisha akageuza shingo nusu.

"Basi hata yule binti," akasema, "hajaoza."