Namba Mpya ya Lori la Kasmiri

Mume wangu Kasmiri alikwenda Morogoro kubadili namba ya lori, akarudi anapiga mluzi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Ilikuwa mwaka 1956. Ifakara nzima malori ya kijani yalikuwa matatu, yote ya kubeba mpunga, na watu waliyatofautisha kwa namba tu. Letu lilikuwa 417. Mwezi mmoja nyuma Kasmiri alikuwa akitoka Namawala na shehena, wingu la mvua limetanda, anahofia kuzama kwenye tope. Akakuta watu wamebeba kitanda, wakampungia mikono. Hakusimama. Kitandani alikuwa Digna, mke wa Evaristo, ameshikwa na uchungu tangu jana yake. Alifia njiani, na mtoto tumboni.

Evaristo ndiye baba wa ubatizo wa mwanetu wa kwanza. Kasmiri aliniapia kwamba hakuwatambua, alidhani ni watu wanahama na kitanda chao.

Wabebaji walisoma namba ya nyuma, habari zikaenea bonde zima kwamba lori 417 limempita Digna. Basi mwanamume wangu akamdanganya karani wa huko Morogoro kuwa vibao vya namba vimechukuliwa na maji, akaruhusiwa kuchagua namba nyingine. Akachagua 682, eti haina hata tarakimu moja ya ile. Akavipigilia vibao mwenyewe.

"Sasa anayetaka kuuliza atazame hapo," akasema.

"La kuvunda halina ubani," nikamwambia. "Nenda kwa Evaristo ukaseme."

"Nikaseme nini, Scolastica? Kwamba niliwahisha mpunga?"

Aibu alikuwa nayo, nisimsingizie. Alikula akiwa amegeukia ukutani. Ila aibu gani hiyo inayofunikwa kwa bati?

Siku ya kuondoa matanga tulikwenda wote wawili. Watani wa Evaristo walikuwa wakiigiza kifo chenyewe, maana mtani husema lile lililomshinda mfiwa, na kukasirika ni mwiko. Bibi Aurelia alijilaza kitandani uwanjani, ameshika tumbo. Mtani mwenzake Donati alijichora 417 mgongoni kwa mkaa, akashika ungo kuwa usukani, akapita akinguruma. Watu walicheka huku wanafuta machozi. Kasmiri naye akacheka, kwa sauti kuliko wote. Nilimwonea haya mpaka masikio yakawaka.

"Wewe ndiye dereva wa kweli," Donati akamwambia. "Njoo unipokee, nimechoka." Akamtia ungo mikononi.

Kasmiri akazunguka uwanja. Alipokifikia kitanda, Bibi Aurelia aliinua mkono kama alivyomwinulia Donati. Kasmiri akasimama. Kicheko kikafifia.

Evaristo aliinuka kwenye mkeka, akamsogelea, akasema polepole:

"Kaka, namba waliisoma wenzangu ulipokwisha kupita. Mimi ndiye niliyeingia barabarani kukusimamisha. Tulitazamana."

Nilimtazama mume wangu. Hakukana.

"Wote nimewaambia sikumwona dereva," Evaristo akasema. "Kila asubuhi nilijiambia, leo atakuja."