Picha ya Ingobyi

Ijumaa ile, saa mbili asubuhi, walikuja watu watatu.

Odette aliwahesabu mara mbili, ingawa watatu hawana haja ya kuhesabiwa mara mbili. Alikuwa mwalimu mstaafu na katibu wa chama cha ingobyi cha kilima chao, huko Mururu. Ingobyi ni kitanda cha kusukwa ambacho mgonjwa hubebwa nacho mabegani. Kwa njia yao ya kuteremka hadi barabarani zilihitajika zamu tatu za watu wanne. Kwa miaka kumi na mmoja hawakuwahi kupungua kumi.

Ndani, Bibi Mukakalisa alikuwa amelala na nyonga iliyovunjika. Daktari wa mifupa alikuwa akimaliza kazi yake hospitalini siku hiyo. Asiyemwona angengoja mwezi mzima, na mwezi ukiisha mfupa ungekuwa umeshaunga vibaya. Mvua ilikuwa imekula njia, kwa hiyo ambilansi haikuweza kupanda. Ingengoja chini hadi saa nne.

Wale watatu walisema watu wamekuwa wavivu siku hizi. Odette hakupenda maelezo yasiyo na ushahidi. Alimpigia simu Hitimana, seremala wa upande wa pili wa kilima, mtu ambaye hakuwahi kukosa.

"Kubeba nani, Mwalimu?" Hitimana aliuliza. "Si mulimubeba jana? Niliona foto."

Odette aliikumbuka picha hiyo, maana alikuwepo ilipopigwa. Jana mchana Mudathiru, kijana muuza vifaa vya simu mjini Kamembe, alikuwa ameleta sukari na sabuni kwa niaba ya ukurasa wake wa mtandaoni wa kusaidia wasiojiweza. Kisha akawaomba wanaume wanne waliokuwa wakitoka shambani wamwinue bibi kwenye ingobyi, kidogo tu. Walipiga hatua tatu, akapiga picha, wakamrudisha kitandani. Odette alimshukuru kwa ile sabuni na hakufikiri zaidi. Hilo lilikuwa kosa lake. Kilimani kwao ingobyi haiinuliwi ila kumpeleka mgonjwa. Ukiiona mabegani unajua wito umeshaitikiwa, unarudi kwenye jembe lako.

Alimwambia Hitimana aje na kila atakayempata njiani. Kisha akampigia Mudathiru.

Kijana alipokea kwa furaha. Picha ilikuwa imependwa na watu elfu mbili na mia sita, alisema, na wengine walikuwa wakiandika kutoka Bukavu, hata Ubelgiji.

"Bibi yuko wapi sasa, unajua?" Odette alimuuliza.

Mudathiru alijibu kwa kuuliza: "Si hospitali, Maman?"

"Yuko kitandani kwake. Watu wangu wameona picha yako, wamebaki nyumbani."

Mudathiru akasema kwa sauti ndogo kwamba nia yake ilikuwa nzuri, kwamba "batu bengi banamuombea." Odette alimjibu kwamba hana shaka na nia wala na maombi; anachokosa ni mabega tisa, na muda uliobaki ni saa moja na dakika arobaini. Akamwagiza aondoe picha, aandike kwamba Bibi bado yuko nyumbani, aandike mahali na saa.

"Bila foto hakuna muntu atasoma, Maman."

"Andika."

Aliandika. Kufikia saa tatu kasorobo walikuwa wamefika kumi na mmoja. Uwayezu, mwanachama mwingine, alikuja na udongo wa shambani miguuni, akiwaapia wenzake kwamba asubuhi ileile alikuwa ameituma picha hiyo kwa dada yake kama habari njema. Wa kumi na mbili alishuka kwenye pikipiki akiwa na viatu vyeupe. Alikuwa Mudathiru.

Bibi Mukakalisa alimtazama kutoka kwenye ingobyi. "Jana hatua tatu," alisema. "Leo utafika ngapi, mwanangu?"

Walicheka, na yeye akacheka nao huku ameinamisha uso. Kwa kuwa alikuwa mfupi, ingobyi iliegemea upande wake, na Hitimana akamhamishia nyuma, ambako kwenye mteremko ufupi hausumbui bali unasaidia. Kila zamu yake ilipofika aliomba dakika mbili zaidi za kupumzika, akapewa moja. Saa nne ilipogonga walikuwa bado hawajafika barabarani. Odette alimpigia dereva, naye akakubali kungoja robo saa. Waliitumia yote.

Alasiri Uwingabire, binti wa Bibi, alipiga simu kutoka hospitalini. Mama yake alikuwa ameshapasuliwa, na daktari alisema atatembea. Odette aliliandikia ujumbe kundi la simu la chama, akaongeza kwamba baada ya siku kumi hivi mgonjwa atapandishwa nyumbani, na kupanda ni kugumu kuliko kuteremka. Aliwataka wasimtumie pongezi. Anayekuja aandike jina lake.

Hitimana alikuwa wa kwanza. Mudathiru, aliyekuwa ameingizwa humo mchana ule, aliandika jina lake na kuuliza saa ya kufika. Jua lilipozama yalikuwa majina kumi na manne, mawili zaidi ya mahitaji.