Kila Kichwa Kura Moja

Mama yake Florida alilala siku kumi na moja kwenye jokofu la nyumba ya mazishi, Buffalo, kabla ya kuzikwa. Hakukuwa na karatasi iliyokwama, wala ndugu aliyengojewa kutoka mbali. Kilichongojewa ni ruhusa ya Mwenyekiti.

Mwenyekiti aliitwa Gaudiosi, na alikuwa akiishi Louisville. Miaka kumi na mbili nyuma, Warundi na Wakongo waliotoka kwenye kambi za Kigoma walipokuwa bado wageni kabisa Marekani, ni yeye aliyeanzisha Umoja wa Miji Mitatu: Louisville, Columbus na Buffalo. Aliwahi kuendesha gari saa nane mfululizo kwenda Buffalo kumpokea uwanja wa ndege mtu asiyemjua hata kwa sura. Watu hawakusahau. Ndiyo maana uchaguzi ulipoahirishwa mara ya kwanza hakuna aliyeuliza, na ulipoahirishwa mara ya tatu watu walikuwa wameshazoea. Polepole sheria ya Umoja ikawa ni kile alichosema yeye. Msiba hautangazwi mpaka aseme. Harusi haipangiwi tarehe mpaka akubali. Mwezi ule wa Machi, mama yake Florida alipofariki, Gaudiosi alikuwa hospitali kwa upasuaji wa goti, simu yake imezimwa, na hakuwa amemwachia mtu yeyote madaraka.

Siku ya kumi na mbili Florida alimzika mama yake bila Umoja. Gaudiosi alipotoka hospitali, ujumbe wa mistari miwili uliingia kwenye kundi la WhatsApp: Florida amesimamishwa uanachama, na wanachama wasiende kumpa pole.

Kostansia aliusoma ujumbe huo akiwa Hilliard, pembeni ya Columbus, kwenye chumba cha mapumziko cha ghala alikokuwa akipakia vipuri vya magari. Yeye na Florida walikuwa wamekulia kambi moja na kusoma darasa moja. Aliusoma mara mbili, akamaliza mkate wake, akarudi kwenye shifti. Jumamosi asubuhi aliwasha gari akaelekea Buffalo.

Nyumba ya Florida ilikuwa mtaa wa Kensington-Bailey, ghorofa ya juu, na Kostansia alidhani atamkuta peke yake. Alimkuta na wageni wawili: Balagizi, Mkongo wa Bukavu aliyefanya kazi kiwandani, na mkewe Charlotte, aliyekuwa akihudumia wazee majumbani kwao. Walikuwa wametoka Lower West Side, upande mwingine wa mji, na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Hamjaogopa?" Kostansia aliwauliza.

"Bon, tuogope nini?" Balagizi akasema. "Mama wa watu alilalaka mu frigo siku kumi na moja. Donc, tulikuwa tunangojea nini? Simu ya mutu moja."

Florida hakulia. Alikuwa amekonda, na alizungumza taratibu kama mtu anayepanga vyombo. "Mimi sina shida ya kusimamishwa," alisema. "Nina shida kwamba nilikaa siku kumi na moja nikingoja. Nilikuwa na akili zangu, nina kazi, nina gari, nikakaa. Nani alinifundisha kukaa hivyo?"

Kostansia alikuwa na kitabu kwenye mkoba. Alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa GED, ule wa watu wazima ambao hawakumaliza sekondari, na miezi ile alikuwa kwenye sura za Ulaya ya zamani: wafalme waliosema wamewekwa na Mungu na hawajibiki kwa mtu, wanafikra walioanza kuuliza kwa nini, na Wafaransa waliochukua swali hilo wakalitoa mtaani. Sura hiyo aliianza akiwa na miaka kumi na sita, kambini, chini ya turubai. Mwalimu alikuwa Gaudiosi huyuhuyu. Hakuwa na kitabu. Alichora jumba la mfalme ubaoni kwa chaki, akahesabu madirisha. Alifika mwaka 1789, kisha shule ikafungwa ili watu warudishwe kwao, na darasa likatawanyika.

"Mnajua mfalme wa Ufaransa alifanya nini kabla ya mapinduzi?" Kostansia alisema. "Aliwaambia watu waandike malalamiko yao kwenye madaftari. Kila kijiji daftari lake. Mafundi viatu lao, mapadri lao."

"Aliyasoma?" Charlotte aliuliza.

"Sijui. Lakini walioandika waligundua kwamba kijiji hiki na kile cha mbali vinalalamikia jambo lilelile. Kabla ya hapo kila mmoja alidhani ni yeye tu."

Florida alinyanyuka, akafungua droo, akatoa daftari la shule lenye jalada la kijani ambalo halijaandikwa. Aliandika ukurasa wa kwanza hapohapo, juu ya meza ya jikoni, habari ya mama yake.

Katika miezi mitatu madaftari yakawa matatu. La Buffalo alilizungusha Charlotte. La Columbus alikaa nalo Kostansia, akalipeleka kanisani, kwenye vikao vya akina mama, hata kwenye maegesho ya ghala wakati wa kubadilisha shifti. La Louisville lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu Gaudiosi alikuwa palepale. Alilichukua Mutesi, msusi wa nywele, naye alilifungulia kwa wateja wake mmoja mmoja, wakiwa wamekaa na vichwa vyao mikononi mwake.

Watu waliandika. *Miaka tisa mimi ni mwanachama, sijawahi kuulizwa chochote.* *Binti yangu alisogezewa tarehe ya harusi kwa sababu Mwenyekiti alikuwa na safari.* Wengine walimsifu, na Kostansia alisisitiza kwamba sifa nazo zibaki. *Alinipokea na watoto watano. Alivua koti lake akamfunika mdogo.* Ukurasa huo aliusoma mara nyingi kuliko zote.

Tatizo lilikuwa kura. Umoja ulikuwa na mabaraza matatu: wazee waanzilishi saba, wachungaji watano, na wanachama wengine wote, zaidi ya mia mbili. Kila baraza lilikuwa na kura moja. Wazee na wachungaji wakikubaliana, watu kumi na wawili wanawashinda mia mbili. Kostansia alipofika kwenye ukurasa unaoeleza kwamba Wafaransa nao walikuwa na mabaraza matatu ya namna hiyo, na kwamba ugomvi wa kwanza haukuwa wa mkate bali wa jinsi ya kuhesabu kura, alifunga kitabu, akatembea kidogo sebuleni, akakifungua tena.

Mkutano mkuu ulipangwa Jumamosi ya pili ya Julai, Louisville. Kostansia alifika Ijumaa mchana, na badala ya kwenda kwa Mutesi alikofikia Florida, alipiga simu kusema anapitia kwanza kwa Gaudiosi na madaftari yote matatu.

"Unampelekea kila kitu mkononi," Florida alimwambia. "Atakuwa na usiku mzima wa kujipanga."

"Na ajipange. Ni mwalimu wangu. Sitamshtukizia mbele ya watu."

Gaudiosi alimfungulia mlango mwenyewe, akiegemea fimbo. Kostansia alimsalimu kwa Kirundi. Yeye akajibu kwa Kiswahili, lugha ya vikao, na Kostansia akaelewa kwamba anajua kilichomleta. Akamkabidhi madaftari. Mzee akavaa miwani, akakaa karibu na dirisha, akasoma. Alisoma yote, bila kuruka ukurasa, saa nzima na zaidi. Chai ya Kostansia ikapoa mezani.

"Umefika mwaka gani wa Wafaransa?" aliuliza alipomaliza.

"Nimemaliza sura, Mwalimu."

"Kwa hiyo umefika 1793."

"Nimefika. Walimkata kichwa mfalme, kisha wakaanza kukatana wao kwa wao."

"Mji huu umepewa jina la mfalme huyohuyo, unajua? Sanamu yake ilikuwa katikati ya mji. Watu waliivunja mkono, serikali ya mji ikaiondoa." Alivua miwani. "Sikuwafundisha sehemu ile ya vichwa. Shule ilifungwa. Lakini hata isingefungwa, sijui kama ningewafundisha. Nyinyi mlikuwa mmekwisha kuiona nyumbani."



"Mwaka wa tatu wa Umoja tulikuwa na uchaguzi," Gaudiosi aliendelea. "Ulikuwa bado hujafika Marekani. Wiki mbili za kampeni, na nikaanza kusikia watu wanaulizana: huyu ni wa mkoa gani, yule ni Mkongo wa wapi, babake alikuwa upande gani. Watu waliokula sahani moja. Niliufuta. Nilisema afadhali wanichukie mimi kuliko wachukiane. Na tazama, miaka tisa hakuna aliyemnyanyulia mwenzake mkono."

Sauti yake haikuwa ya kujitetea. Kostansia aliamini kila neno.

"Wafalme nao walisema hivyo, Mwalimu," alisema. "Walisema, nikiondoka mtachinjana. Nadhani wengine waliamini kweli. Lakini mama yake Florida hakukaa kwenye baridi siku kumi na moja kwa ajili ya amani. Alikaa kwa sababu simu moja ilizimwa."

Gaudiosi aliangalia nje.

"Hatutaki kichwa chako," Kostansia alisema. "Tunataka karatasi inayosema nani anafanya nini wewe ukiwa hospitali. Na tunataka tuiandike wote, kila kichwa kura moja."

"Na hao wa mikoa na makabila?"

"Watakuwepo. Watasimama, watasema, tutawasikia, na tutawashinda kwa kura. Ukiwanyamazisha unadhani wameisha."

Mzee akamrudishia madaftari, yakiwa yamepangwa vizuri. "Kesho lete hoja yako," alisema. "Nitaipinga."

"Sawa, Mwalimu."

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Watu wa Buffalo walikuwa wameanza safari Ijumaa, wa Columbus alfajiri. Viti vilikuwa vimepangwa kama kawaida: wazee mbele kulia, wachungaji mbele kushoto, wanachama nyuma. Florida alikaa safu ya mwisho, ingawa hakuruhusiwa kuwepo, na hakuna aliyemwambia atoke.

Kostansia alisoma kurasa sita kutoka madaftarini, mbili za kila mji, pamoja na ile ya koti. Kisha akatoa hoja: mabaraza yafutwe, kila mwanachama awe na kura yake.

Gaudiosi akapinga, kama alivyoahidi. Alieleza uchaguzi ule wa mwaka wa tatu bila kuficha kitu, akataja maneno aliyoyasikia, na ukumbi mzima ukainamisha vichwa. Alipomaliza akasema, "Kwa sheria yetu, mabaraza yapige kura."

Mzee mmoja akajibu kwa niaba ya waanzilishi kwamba wanakataa. Zamu ikawa ya wachungaji. Walinong'onezana. Mchungaji Zéphyrin, wa Columbus, mrefu na mpole, alisimama, na watu wakadhani anataka kusema. Hakusema. Alinyanyua kiti chake cha plastiki, akakibeba kupitia katikati ya ukumbi, akakiweka chini karibu na Florida, akakaa.

Miguno ikaanza. Mchungaji wa pili akamfuata. Kisha upande wa wazee akasimama Mama Ruta, mwenye miaka sabini na moja, mwanamke pekee kati ya waanzilishi.

"Mimi nilianzisha Umoja huu ili nizikwe na watu," alisema. "Sikuuanzisha ili nizikwe na ruhusa. Nibebeeni kiti."

Watu watatu wakakimbilia kukibeba. Baada ya hapo haikuwezekana tena kusema baraza gani liko wapi. Katibu alimtazama Mwenyekiti. Gaudiosi alisimama mbele ya safu mbili zilizobaki nusu tupu, ameshika fimbo, na Kostansia aliogopa kwamba ataondoka. Kama angetoka nje, nusu ya Louisville ingetoka naye.

"Hesabuni vichwa," Gaudiosi alisema.

Walihesabu mara mbili. Mia moja sitini na moja walikubali, arobaini na wanne walikataa, Gaudiosi mwenyewe akiwa mmoja wao. Mchana huohuo Florida alirudishiwa uanachama, na ikaundwa kamati ya kuandika katiba, watu watatu kutoka kila mji.

Kostansia alifaulu mtihani wake Agosti. Katiba ilipitishwa Septemba, kurasa nne tu, na kifungu cha kwanza kilihusu misiba: kila mji una kamati yake, na kamati inatangaza siku hiyohiyo. Uchaguzi ulifanyika Oktoba. Gaudiosi aligombea, akashindwa na Charlotte kwa kura thelathini na moja. Ni kweli kwamba maneno ya mikoa na ya nani Mkongo nani Mrundi yalisikika. Mgombea mmoja aliyasema waziwazi kwenye kipaza sauti. Balagizi alimjibu, Florida akamjibu, hata mke wa mgombea huyo akamjibu, na akapata kura tano. Kostansia alichaguliwa katibu.

Kikao cha kwanza cha wanachama chini ya uongozi mpya kilikuwa Columbus, mwezi Novemba. Kostansia alikuja na hoja aliyoipenda sana: mwanachama asiyehudhuria vikao vitatu mfululizo apoteze haki ya kupiga kura, ili watu wawe na bidii. Aliieleza vizuri, na wengi walikuwa wakitikisa kichwa kukubali. Mkono ukanyooshwa katikati ya ukumbi. Alikuwa Gaudiosi.

"Yuko mama Buffalo anafanya shifti mbili na watoto wanne," alisema. "Mwezi Julai ulimtafutia kura. Leo unamnyang'anya kwa sababu amechoka?"

Kostansia alihisi uso unapata moto, kama siku zile Mwalimu alipomrudishia daftari lenye wino mwekundu. Hoja yake ilikataliwa kwa tofauti ya kura kumi na nne. Akaandika matokeo kwenye kumbukumbu za kikao kwa mwandiko uleule aliotumia kwa mengine yote.

Gaudiosi alikuwa bado amesimama. "Na kuhusu jambo la pili—" alianza.

"Bon, Mwalimu," Charlotte alisema kutoka mezani, akiangalia orodha yake, "kuko batatu mbele yako."

Mzee alitazama kushoto na kulia, akawaona hao watatu na mikono yao juu, akakaa.