Pua ya Nyumba Yetu

"Hiki nacho kitupu," nikasema, nikakisukuma kikombe mbali na uso wangu.

Nesi Rafika alikuwa amenifunga macho kwa kitambaa, na mimi mtu akinifunga macho tayari najua ana la kuficha.

"Nusa tena taratibu, mama. Humu mna kahawa."

"Kahawa gani haina harufu? Ya kunywewa mchana wa Ramadhani?"

Akacheka. Dalenda, mke wa mwanangu, aliyekuwa ameketi nyuma yangu, hakucheka. Hilo nikaliweka moyoni.

Kwenda zahanati hakukuwa shauri langu. Dalenda ndiye aliyekuja asubuhi moja na maneno yake ya asali, eti wazee wote wa Nabeul wanapimwa afya, eti na mimi nikapimwe. Nikajiuliza, kwa nini mwezi huu? Mwaka una miezi mingi, naye kauchagua ule ambao midanzi, ile michungwa michungu, inachanua na mtambo wa shaba unashushwa kutoka stoo.

Kwetu maji ya maua ya mdanzi hatuyanunui, tunayakeneka wenyewe uani. Maua yanachemka, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, unadondoka chupani. Chupa za mwanzo tunaziita kichwa: hizo ni kali, za kumpa mtoto mwenye homa na za kutilia kahawa ya mgeni. Baadaye unakuja mkia, ambao ni wa unga wa vitumbua na wa kunawia mikono. Kichwa kinakomea wapi, jicho halioni. Kwa hiyo kando ya bomba anakaa mama wa nyumba, ananusa chupa moja baada ya nyingine. Kichwa anakifunga uzi mwekundu, mkia anaufunga uzi mweupe, na akishafunga hakuna wa kumbishia. Kiti hicho nilikirithi kwa mama mkwe wangu, aliyekiacha siku ya kupelekwa makaburini. Nami nilikusudia kukiacha vivyo hivyo.

Sasa, kwa misimu miwili nilikuwa naona mambo. Kazi ikiisha, Dalenda anazibeba chupa zangu stoo, anarudisha mlango, na mimi nikiwa uani nasikia chupa zinagongana weee, mpaka chai yangu inapoa. Chupa zilizokwisha kufungwa zinagongana za nini? Nikasema, huyu anamimina kichwa, anauza, anajaza maji ya bomba. Na maji yenyewe yalikuwa yameanza kuwa bubu. Naleta chupa puani, napata joto tu. Nikamwambia mwanangu Mundher. "Mama, hebu achana na hayo," akasema. Mundher masikio yake alimkabidhi mkewe siku ya harusi.

Kwa hiyo Dalenda aliposema habari ya vipimo, niliiona njia yote mpaka mwisho: nipimwe, isemwe akili zimeniruka, nitolewe kitini, yeye akae. Nikajitanda sefsari yangu, shuka langu jeupe la kutokea, nikaenda, ili nimshinde hukohuko.

Wakanisimamisha ukutani, wakasema nimepungua kimo. Nikawaambia waupime ukuta. Wakanipima presha nikiwa nimelala, wakanipima tena nimesimama. Nesi akanifinya ngozi ya mkono, akaninong'oneza nyuma ya sikio, akanipa maneno matatu niyatunze: farasi, ndimu, kiti. Aliponiuliza baadaye nilimrudishia yote, kisha nikamrudishia kinyumenyume, huku nikimkodolea macho Dalenda. Akaniambia nichore saa. Nikaichora, na mishale yake nikaiweka kwenye alasiri.

"Mashallah," akasema Rafika. "Akili hii mimi naitamani. Kimo kupungua, ngozi kuwa nyembamba, kizunguzungu kidogo ukiinuka haraka, hayo ni ya umri, mama, si ugonjwa. Ukiamka, kaa kwanza kitandani ndipo usimame. Na unywe maji hata kama huna kiu, maana kiu nayo inazeeka."

Kila kitu cha kawaida! Sikuipenda hiyo. Nikajua lipo moja wanalizunguka, na nikalisubiri. Likaja na kitambaa cha macho na vile vikombe.

Baada ya kahawa ikaja karafuu. Tupu. Kisha nikasikia zipu ya mkoba wa Dalenda, na kizibo kikifunguliwa. Kitu cha baridi kikasogea puani pangu.

"Na hiki?"

Nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Maji! Maji matupu ya bomba! Nikakivua kitambaa, na mkononi mwa nesi nikaiona chupa ya nyumbani kwangu, yenye uzi mwekundu shingoni.

"Nimekukamata!" nikamwambia Dalenda. "Wallahi leo nimekukamata, tena mbele ya watu!"

"Mama..."

"Nyamaza. Nesi, nusa wewe."

Rafika akanusa. Akafumba macho. "Mama, haya ni maji ya maua. Tena makali."

Na huyu kapangwa, nikasema moyoni. Nikaichukua chupa, nikatoka nayo mpaka varandani. Palikuwa na mwanamke amempakata mtoto anayelia, mtu nisiyemjua, na asiyemjua Dalenda. Nikamwekea chupa puani bila hata salamu.

"Hebu niambie. Nini hii?"

Uso wake ukakunjuka. "Zhari, Hajja, maji ya maua yenyewe. Allah akubariki, mna maua nyumbani kwenu! Nidondoshee kidogo nimpake huyu, labda atatulia."

Nikamdondoshea. Nikamwaga zaidi ya kidogo. Mtoto akaanza kunyamaza. Nikageuka, nikamwona Dalenda mlangoni. Hakuwa ameshangaa hata chembe.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mwaka juzi, mama."

"Na kule stoo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nahamisha nyuzi." Alikuwa anaitazama sakafu. "Ulipofunga nyekundu kwenye mkia, nilifungua nikafunga nyeupe. Majirani wasije wakasema."

"Ukashindwa kuniambia?"

"Ungenisadiki?"

Nilitaka kumtukana. Nilitaka pia kukaa chini palepale varandani nilie kama yule mtoto. Nilichofanya ni kumwambia achukue mkoba wake twende.

Wiki ile tukawasha moto. Lella Shedlia, bibi wa nyumba ya pili, alileta maua yake tumkenekee, kama kila mwaka, na ulimi wake akaja nao. Nikakaa kitini. Chupa ya kwanza ikajaa, nikaileta puani, wote wakanyamaza kama ilivyo ada. Joto. Basi. Niliogopa, sifichi. Nikitamka leo, kesho ataomba ufunguo wa stoo, keshokutwa kiti changu kiko juu ya paa na kuku. Nisipotamka, mtoto wa watu mwenye homa atapewa mkia.

"Dalenda," nikaita. "Njoo unuse."

Shedlia akaguna. "Kulikoni, Manubia? Pua imekwenda hija?"

"Imezeeka. Ni ya umri, si ugonjwa. Na yako inakuja, usijali."

Dalenda akapiga magoti kando yangu, akanusa. "Kichwa," akasema kwa sauti ndogo.

Nikamtazama usoni kwa muda mrefu. Miaka yote ile nilikuwa nautafuta uongo kwenye uso ule, na mazoea hayaishi kwa siku moja. Kisha nikafunga uzi mwekundu.

"Na wewe unamwamini huyu?" Shedlia akauliza. Maua ni yake, alikuwa na haki ya kuuliza.

"Kwa mengi simwamini," nikasema, kila mtu asikie. "Mlango wa uani haufungi. Simu haiachi. Na chakula chake siku hizi ni kama unatafuna majani, chumvi anaibania kama dhahabu. Lakini hapa, akisema kichwa, ni kichwa."

Shedlia akacheka, wanawake wengine wakacheka. Dalenda alikuwa bado amepiga magoti, anaikinga chupa ya pili chini ya bomba. Akaniinamia sikioni, akasema taratibu ili nisikie mimi peke yangu:

"Chumvi natia ileile, mama. Kipimo ni kile ulichonifundisha wewe."

Nilishika bomba, lilikuwa la moto, na chupa ilikuwa inajaa.