Mabano ya Mzee Mire

...mwache aongeze, Bartholomew wa watu, aongeze jina moja na jingine juu yake, Laban hatasema neno, atakaa hapa nyuma, ndani ya ukumbi wa kuwaandikisha wauza mifugo, na andazi lake na tumbo lililobanwa na meza, atatazama tu, kwa sababu alishasema, si alisema? alisema Jumatatu mbele ya ofisi nzima kwamba ruwaza hii, huu mstari mmoja wa msimbo wa kompyuta unaosoma ujumbe wa mfanyabiashara na kutambua jina lake kabla mifugo yake haijapewa kibali cha kuingia sokoni, ina mwisho, kwamba maktaba ya programu wanayoitumia imewekewa kikomo cha ukubwa na walioiandika, ukikipita haikatai jina moja, inakataa yote, kila mtu anabaki nje, bora majina yakae kwingine na mstari ukague umbo tu, na Bartholomew akacheka, “Wacha uoga, mzee wangu, kwani kompyuta ni sufuria ijae?” ofisi ikaangua kicheko, na Laban naye akacheka, ndio ujinga wake huo, Kigali, Dubai, Muscat, kote alikotengeneza mitambo ya watu amechekwa akasaidia kucheka... na sasa kule mbele Bartholomew ameshika maikrofoni, “Mfumo wangu,” anasema, wangu! ule Laban alioujenga tangu tofali la kwanza, “hauachi mtu nje, kila mtu ataje jina lake lote,” na hapo ndipo alipojichimbia shimo, kuwaambia wauza mbuzi Wasomali wa Machakos wataje jina lote, alidhani ni kama kwao Kangundo, Bartholomew Musau, kwisha, hakujua kwamba jina la Msomali ni yeye, na baba, na babu, na baba wa babu, chai inapoa bado hajafika nusu, na kila babu Bartholomew anamfungulia mabano yake kwenye ruwaza, mabano ndani ya mabano, ili mtu akijiandika kwa ufupi au kwa urefu atambuliwe... jana Laban alijaribu kwenye laptopu yake, imebaki nafasi ya mababu wachache tu, na anayesimama sasa ni Mzee Mire, utamu ulioje, “Jina lote?” anauliza Mire, ameegemea fimbo, “Lote, Mzee, mpaka yule wa kwanza,” “Yule wa kwanza ni Adamu, kijana,” ukumbi unavunjika mbavu, “Basi ishia karibu na hapo,” na Qaali, mpwa wake, ambaye mbuzi wake wanalia ndani ya lori pale nje wakingoja kibali, anamwambia, “Adeer, polepole, anaandika,” na mzee anafumba macho, Mire, Nuradin, Khadar... endelea, baba, endelea, Laban anamsukuma kwa moyo kama mtu anayesukuma gari lililokwama, anaiona skrini ikigeuka nyekundu ukutani mbele ya wote, anamwona Bartholomew akibonyeza, akibonyeza tena, jasho likishuka kwenye kola iliyopigwa pasi, halafu ageuke aseme... aseme nini? Laban anaacha kutafuna. Printa ilipoharibika, kosa lilikuwa kucha za Nthenya wa mapokezi, mtandao ulipokatika, kosa lilikuwa mvua, mtu huyu hajawahi kukosa wa kumbebesha, atasema, aiya, atasema, “Mzee, majina yako yamezidi, umetuharibia mashine,” kwenye maikrofoni, na watu watacheka, watawacheka baba zake yule mzee amesimama hapo hapo, na mbuzi wa Qaali watarudi Kinanie bila kuuzwa, na Bartholomew ataenda kula pilau... yaani kisasi amekipika mwenyewe, kimeiva, na anakaribia kumpakulia Mzee Mire. La. Asisamehewe, nani amesema asamehewe, lakini kabla hajabonyeza, kabla, Laban atasimama, tumbo na meza vitaachana namna vitakavyoachana, na atasema kwa sauti, Mzee, baba zako hawajazidi, mashine yetu ndiyo ndogo, na huyu bwana aliambiwa Jumatatu, na hilo, anahisi ulimini, lina ladha kuliko skrini nyekundu... lakini bado ameketi, miguu inajikusanya tu, na kule mbele mzee amefika kwa babu mwenye jina refu, analitamka taratibu kama mtu anayeamkia wakubwa, na Bartholomew, bila kuinua macho, anasema, “Huyo rudia,” na Mzee Mire anavuta pumzi, anaanza kumtaja upya.